Upande wa Moto

Kijijini kwetu huku kaskazini, theluji ikishaziba njia za mashambani, hakuna anayeulizwa anafanya nini. Watu hukaa kipaka, ndivyo tusemavyo. Huamka jua likiwa juu, hunywa uji wa mtama, kisha hupanda kwenye kitanda cha matofali kinachopashwa joto kwa chini na moto wa jiko, wakatafuna mbegu za alizeti na kusengenyana mpaka jioni. Mgeni atatuita wavivu. Na aje atuone msimu wa kupanda!

Mwaka mmoja, msichana aitwaye Qiaoyun peke yake ndiye aliyekataa kukaa kipaka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, akiishi na bibi yake, kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi kiwandani huko kusini. Babu yake alifariki mara baada ya mavuno, na tangu hapo mtoto hakutulia. Kabla ya mapambazuko alikuwa nje akipasua kuni. Akitoka shule alichota maji, akafagia theluji, akapukuchua mahindi mpaka vidole vikavimba.

"We Qiaoyun, paka gani wewe unayekimbia jiko?" rafiki yake Guizhi alimtania kutoka ng'ambo ya ukuta. "Njoo kwetu tucheze karata, bwana!"

"Nina kazi."

"Kazi gani? Hiyo theluji hata ukiifagia, kesho inarudi!"

Qiaoyun aliendelea kufagia. Angemwambia nini? Kwamba akikaa kimya humsikia Babu akikohoa? Kazi ilimsaidia asisikie.

Wakati wa kulala, kwenye kitanda kile kile cha matofali, alijibanza upande wa dirishani, penye baridi. Upande wa jikoni, wenye moto zaidi, ulikuwa wa Babu, kama ulivyo wa mzee wa kila nyumba. Godoro lake lilikuwa bado limekunjwa pale. Bibi alilala katikati, naye hakulisogelea.

Taratibu Qiaoyun akaanza kukohoa. Alisinzia darasani, na suruali ikamlegea kiunoni. Akiulizwa, alisema hajambo. Asubuhi moja Bibi alimkuta ameanguka kando ya kuni, midomo imegeuka buluu.

Daktari wa kijiji, Bwana Tong, alimsikiliza kifua akakunja uso. "Mapafu yameshikwa, na mwili umechoka mno. Dawa nimempa, lakini asipolala penye joto, itakuwa kazi bure. Na asiamke kabla ya jua."

Alipoondoka, Bibi alisogeza godoro la Babu, akatandika la Qiaoyun mahali pake. Mtoto aling'ang'ania kizingiti cha dirisha.

"Sitaki! Hapo ni pa Babu! Nikilala hapo, atakuwa hayupo kweli!"

Bibi aliketi kando yake. "Hayupo kweli, mjukuu wangu. Hata mimi nimeogopa kama wewe. Kila siku nawasha moto, napasha matofali matupu, halafu sisi wawili tunatetemeka huku pembeni. Angetuona, angetugombeza mpaka majirani wasikie."

Qiaoyun alicheka kidogo, kicheko kikageuka kilio. Alilia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi, kisha akalala usingizi mzito upande wa moto.

Siku zilizofuata alilala, akaamka kunywa supu ya kabichi chachu, akalia, akalala tena. Hakuna aliyemharakisha. Guizhi alimletea mbegu za alizeti na umbea wote wa darasani. Pole pole kikohozi kikaisha, nguvu zikarudi.

Siku ya kurudi shule, Bibi alimfunga skafu shingoni. "Sikia, mwanangu. Kazi ni nzuri, lakini wakati wa baridi mwili unataka kupumzika ili upate nguvu za kulima. Na mwenye msiba anahitaji mapumziko zaidi. Ukikimbiakimbia ili usihisi uchungu, utaugua, na uchungu wenyewe utaukuta palepale. Usione aibu kupumzika."

"Na wewe, Bibi?"

"Mimi nini?"

"Mbona bado hujisogezi kwenye moto?"

Bibi akajifanya anatafuta glavu. Lakini jioni ile alivuta godoro lake, akalitandika ubavuni mwa mjukuu wake, akageukia ukutani. Mabega yakaanza kumtikisika. Qiaoyun aliushika mkono wake, akamwacha alie mpaka usingizi ulipomchukua.