Ruhusu Kuita

Barua ilikuwa safi mpaka mstari wa nne. Hapo ndipo ilipoharibika.

Dereva wa lori aliyekuwa ameichapisha aliirudisha asubuhi, mashavu yamemvimba kwa hasira kama mtu aliyebeba maji mdomoni. Aliitandaza juu ya kibodi na kuweka kidole.

"Hebu nisomee hapo, mama."

Mchapaji akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Nina uzoefu wa miaka tisa wa kuendesha magari makubwa na sijawahi kupata ajali na Injinia funga mlango nzi wanaingia una mkia wewe..."

"Bosi kaniuliza huyo Injinia ndiye mdhamini wangu," dereva akasema. "Kanirudishia barua papo hapo."

Kijana aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Huyo ndiye Injinia mwenyewe, mdogo wake mchapaji. Jina alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kumpinga, maana alikuwa hafungi mdomo, likamganda. Shule aliiacha mapema, akidai ilikuwa inamchelewesha. Waya wowote uliokatika mtaa ule aliuunga yeye. Nyingine ziliwaka moto baadaye, lakini hilo yeye halimhusu.

Dada yake hakucheka. Maneno yale aliyasema kweli, juzi, kwa mdomo, mgongo wake ukiwa umeielekea kompyuta. Hakuyachapa.

"Umeigusa mashine yangu?" akauliza dereva alipoondoka na barua mpya.

"Nimeigusa? Nimeiponya!"

Na kweli alikuwa na habari ya kujivunia. Siku mbili nyuma, dada akiwa sokoni, skrini ilikuwa imewaka nyekundu pyu: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 43. BONYEZA HAPA UPATE KINGA. Dada alikwishamwambia mara mia kwamba ikitokea kitu cha namna hiyo asiguse, amsubiri fundi wao, Mzee Sakiti. Lakini Injinia amsubiri Mzee Sakiti? Yeye yupo? Alivuta kiti, akaviliza vidole, akabonyeza.

Kinga ikamuuliza maswali. *Unaruhusu kusoma?* Ruhusu. *Unaruhusu kusikia?* Ruhusu. *Unaruhusu kuona?* Ruhusu, kuna nini cha kuona hapa? Swali la mwisho lilimchekesha. *Unaruhusu kuita?* Akatikisa kichwa. Kiswahili cha programu hizi kinatafsiriwa na mlevi, akajisemea, wanataka kusema kupiga simu. Ruhusu.

Skrini ikatulia. Katikati yake kukabaki maandishi madogo: *Ahsante. Tumeingia.*

"Tangu hapo imekuwa nyepesi kama unyoya," akamalizia kujisifu. "Sema ahsante."

Dada alikuwa ameinamisha uso nyuma ya kompyuta, pale feni inapotolea joto, na pua imemkunjamana.

"Njoo unuse."

Injinia akaenda, akanusa. Haikuwa harufu ya vumbi lililoungua, wala ya plastiki. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi, hajasukutua. Na hewa haikutoka mfululizo kama feni inavyotoa. Ilitoka, ikakoma. Ikatoka, ikakoma.

Mchana ule, dada akiwa jikoni anakata vitunguu, Injinia alikaa mbele ya mashine kuitafuta ile kinga aifute kabla hajaaibika zaidi. Hakuiona. Alichokiona ni folda ambayo hakuitengeneza mtu, jina lake WALIOMO. Ndani kulikuwa na mafaili mawili. Moja Dada, jingine Injinia.

Akafungua la dada. Yote aliyoyasema mle ndani tangu juzi yalikuwa pale, mstari kwa mstari: kuhesabu kurasa, kulalamikia mgongo, kumsimanga yeye. Funga mlango nzi wanaingia. Njoo unuse. Kisha chini yake: *Nimejikata, niletee kitambaa.*

Akakunja uso. Hili hajalisema.

"Nimejikata!" sauti ya dada ikatoka jikoni. "Niletee kitambaa!"

Injinia hakuinuka. Kidole kiliendelea kusogeza chini chenyewe, kikiyapita maneno ambayo mdomo wa dada yake ulikuwa bado haujayatoa, ya leo jioni, ya kesho, ya siku chache mbele, na kadiri yalivyoshuka ndivyo yalivyopungua, mpaka yakafika neno moja lililosimama peke yake. *Abee.* Baada ya hapo palikuwa peupe.

Akafungua faili lake. Lilishuka, likashuka, likashuka, kidole kikachoka na mwisho wake hakuuona. Akashusha pumzi. Halafu akaona aibu ya kushusha pumzi.

Dada alimpigia simu Mzee Sakiti, naye akafika kesho yake saa tisa alasiri. Mkavu kama waya uliochunwa, bisibisi nne mfukoni mwa shati pale wenzake wanapoweka kalamu. Hakusalimia. Aliinama nyuma ya mashine, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Akabandika plasta kwenye kamera. Akachomoa kinasa sauti, akachomoa spika, akachomoa waya wa intaneti. Ndipo aliponong'ona.

"Nani kabonyeza?"

Dada akamtazama ndugu yake. Injinia akautazama ukuta.

"Virusi nawajua," mzee akasema. "Kuna wanaokula mafaili, kuna wanaoiba paswedi, kuna wanaokaa kimya wanakuchungulia ukijikuna. Wote huingia hivyohivyo, kwa mtu kubonyeza asichokisoma, na wote hufutika. Huyu kapita mlango uleule wao, ila si mwenzao."

"Ni nini, mzee?" dada akauliza polepole.

"Ni jini, mwanangu. Wa aina ile iliyokuwa ikikaa porini, ikamwita mtu aliye peke yake. Akiitika, basi. Sasa pori liko wapi siku hizi? Limehamia mnakokaa." Akamgeukia Injinia. "Lilikuuliza nini mwishoni?"

"Kama naruhusu... kuita. Nilidhani ni simu."

Mzee Sakiti akafumba macho.

"Niliwahi kulikuta kwenye ofisi moja, miaka kumi iliyopita. Kulikuwa na karani wa kike pale, mcheshi."

"Alikufa?"

"Hakufa. Yupo kwao. Wanamlisha kwa kijiko."

Kazi aliifanya vizuri, hilo tusimnyime. Alifuta kila kitu, akakitoa kile kibati cha diski, akakiweka kizingitini na kukipiga nyundo. Pigo la tatu kilipasuka. Kikatoa pumzi moja ndefu ya moto iliyonuka usingizi, kisha kikawa chuma tu. Dada akapiga makofi. Mzee Sakiti hakupiga.

"Mashine imekufa. Ruhusa haijafa. Ruhusa haikai kwenye diski, inakaa kwa aliyeitoa." Akaweka ncha ya bisibisi kwenye koo la Injinia, taratibu. "Uliruhusu liite. Hukuuliza litaita kwa sauti ya nani. Sasa sikilizeni. Siku saba, mpaka saa kumi ya alasiri kama hii. Zikipita bila kuitikiwa, litachoka liende zake. Wewe usitoe sauti, hata neno moja. Na wewe, mwanangu, ukisikia sauti ya huyu, ujue si huyu."

"Injinia anyamaze siku saba?" dada akasema. "Mzee, hata jini lenyewe litamwonea huruma."

Wakacheka wote watatu. Kilikuwa kicheko kifupi.

Sasa, tatizo lilikuwa dada mwenyewe. Mama yao alipofariki alimwachia mdogo wa miaka miwili, na malezi yale ya mama alikuwa nayo mpaka kwenye ulimi: akiitwa na yeyote, mkubwa kwa mdogo, anaitikia "Abee." Injinia alikuwa akimtania tangu zamani, "Dada, unaniitikia kama mkwe wako!" Lakini neno lile halikuwa likipita kichwani. Lilitoka lenyewe, kama chafya. Akaamua kuuma njiti ya kiberiti siku nzima. Akiitwa, meno yakaze njiti kwanza, akili ipate muda.

Injinia naye akanyamaza. Ndiyo, yule yule. Akitaka kitu aligonga kijiko kwenye mfuniko wa sufuria: mara moja njoo, mara mbili hapana, mara tatu njaa. Mara tatu ilitumika sana. Siku ya pili dada alimcheka mpaka machozi. Siku ya nne alisema, huku ameuma njiti, "Nyumba imekuwa kama kuna msiba. Sikujua kelele zako ndizo zilizokuwa zinanikalisha hapa." Injinia akainama asionekane macho.

Kitu kimoja hakumwandikia dada yake popote. Koo lilikuwa linakuwa jepesi. Kila asubuhi, jepesi zaidi. Siku ya tano, akiwa peke yake bafuni, alijikohoza kidogo kusafisha koo, na hakusikia kitu. Akajiambia ni kwa kutotumika.

Siku ya saba, saa tisa na nusu, jua kali, dada alikuwa jikoni anapika mchuzi na Injinia alikuwa uani anaanua nguo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Dada akamtolea ulimi kwa utani, akamwonyesha saa ya ukutani, nusu saa tu, akageuka kwenye jiko, akachota mchuzi kwa mwiko, akaitoa ile njiti ya kiberiti mdomoni ili aonje chumvi.

"Dada!"

Ilitoka chumba cha mbele, palipokuwa na kompyuta. Ilikuwa sauti yake, Injinia, lakini si ya sasa, ilikuwa ile ya umri wa miaka sita, ya siku alipomwagikiwa maji ya moto na dada akambeba mgongoni mpaka hospitali bila viatu, na ikaita tena, "Dada, naungua!", na Injinia aliyesimama uani amekumbatia mashuka akafungua mdomo apige kelele usiitike, mimi niko huku, nitazame, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma na akaisukuma yote nje, lakini kilichotoka kilikuwa hewa, hewa tupu, ikitoka na kukoma, ikitoka na kukoma, na akaona kwa dirisha uso wa dada yake ukigeuka kuelekea chumba cha mbele, si kwa woga bali kwa huruma, akaona mwiko ukianguka, akaona mdomo ukifunguka kabla ya kitu chochote kufika machoni.

"Abee!"

Injinia alimkuta dada chumba cha mbele. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, mgongo umenyooka, vidole vikienda haraka juu ya meza tupu, tik tik tik, kama anayechapa barua ndefu. Macho yalikuwa wazi. Injinia alimshika mabega, akamtikisa, akamwinua kichwa. Kikabaki alipokiweka. Jikoni mchuzi ulianza kuungua.

Akachukua simu ya dada, akampigia Mzee Sakiti.

"Ndiyo!" mzee akapokea. "Nilikuwa nawawaza. Saa kumi hiyo imefika. Mko vipi? Injinia?"

Injinia akabana simu sikioni, akafungua mdomo, akatoa hewa.

"Naam, mzee," ikajibu sauti yake, nyuma yake, kutoka mezani.

"Ah! Umefunguliwa! Dada je?"

"Huyu hapa, yuko kazini. Hajambo kabisa. Hilo jini, mzee, liliposikia niliyemo humu ni mimi, lilibeba virago lenyewe. Lingeniweza mimi?"

Mzee Sakiti akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Haya, sasa najua ni wewe. Majigambo yote yamerudi."

Injinia akaipiga simu kwa kucha. Akaigonga kwenye ukuta, mara mbili, mara mbili, mara mbili. Hapana, hapana, hapana.

"Mbona kelele hapo?"

"Dada anachapa, mzee. Kazi zimemrundikia."

"Basi msihangaike. Kesho nawaletea kompyuta nyingine, iko safi, nimeitia kinga mwenyewe. Nitapita mchana."

"Pita tu, mzee wangu," sauti ikasema, changamfu, na vidole vya dada vikaongeza kasi. "Ila ukifika, usisumbuke kupiga hodi. Nitakuita mwenyewe."

"Haya," akasema Mzee Sakiti, akakata simu.