Hodi ya Mchana wa Ijumaa

Frida alipofika mlangoni kwa dada yake alipiga hodi, kama alivyolelewa, na mazungumzo yaliyokuwa yakisikika ndani yakakatika ghafla. Hakuna aliyesema karibu. Alipiga tena. Kisha komeo likavutwa, na mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga akachungulia, kidole mdomoni.

"Kengele hii hapa, mwanangu," alinong'ona. "Bonyeza kengele. Humu hatupigi hodi."

Nyuma yake Rosina alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Mwache Bi Kibibi, ni mtu wa Unguja, ana mambo yake. Ingia, mdogo wangu! Ulaya hawali? Umekuwa ufito!"

Ilikuwa mwaka 2013. Frida alikuwa akisoma uuguzi Lublin, nchini Poland. Rosina alifanya usafi katika hoteli moja Al Mankhool, huko Uarabuni, na alipanga nyumba mtaa wa International City pamoja na Bi Kibibi. Mama yao alikuwa amezikwa Muheza mwezi Novemba, na kati ya mabinti zake hao wawili hakuna aliyepata kutupa udongo kaburini. Frida alikuja kwa mapumziko ya mwisho wa juma tu, walie pamoja, arudi darasani.

Habari ya kengele Rosina hakumweleza. Aliona haya, mdogo wake msomi angemcheka.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, Rosina alikwenda kanisani, Bi Kibibi akaenda kupiga pasi kwa madam wake. Frida akabaki akipika wali wa nazi. Nje jua lilikuwa limeuchoma mtaa mpaka ukanyamaza. Ndipo akasikia harufu ya udongo uliolowa mvua. Angani hapakuwa na wingu hata moja, lakini alitabasamu, kwa kuwa hiyo ilikuwa harufu ya uwanja wa kwao mvua za vuli zinapoanza.

"Hodi," sauti ya kike ilisema nje. "Hodi hodi, wenyewe mpo?"

Hivyo ndivyo mama yake alivyopiga hodi kwa majirani maisha yake yote. Frida alikuwa hajaisikia hodi tangu aende Ulaya. Kinywa kilijibu kabla ya akili.

"Karibu! Karibu ndani!"

Mlango haukufunguka. Kilichosogea ni kiti cha mezani. Kilijivuta nyuma taratibu, kikatoa mlio kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, kikatulia. Frida alikwenda kufungua mlango: ukumbi mtupu. Akajiambia ni upepo wa kiyoyozi, ingawa kiyoyozi kilikuwa kimezimika.

Rosina aliporudi alibonyeza kengele, akaingia akiimba, akavuta kiti kilekile akakaa. Alikula matonge machache. Kisha akaweka mkono chini.

"Frida," alisema kwa sauti ndogo. "Nani amenikalia?"

Alijaribu kuinuka asiweze, na Frida alipomvuta mikono ilikuwa kama kuvuta mti uliozikwa nusu, na ile harufu tamu ya mvua ikageuka harufu ya shimo lililochimbwa karibuni, na shingoni mwa Rosina, pale ambapo hapakuwa na mkono wa mtu, zikaanza kujichora alama za vidole vya udongo, kimoja baada ya kingine, zikikaza, huku yeye akitoa macho na kupumua kama mtu anayepumua ndani ya gunia.

Kengele ililia. Bi Kibibi alisimama kizingitini, akanusa.

"Nani kamkaribisha?"

"Sauti ilikuwa ya mama," Frida alilia.

"Mama yenu hajui njia ya International City, mwanangu."

Akasoma Ayatul Kursiyyu, aya ya kujikinga na mashetani. Kutoka kitini sauti ya kike ikamfuatisha, neno kwa neno, bila kukosea. Bi Kibibi akaacha kusoma.

"Mwaka jana alikaribishwa na binti mmoja wa Mwanza," alinong'ona. "Binti yule akakimbilia kwao, asimsindikize. Mwenziwe aliyebaki tukamsafirisha ndani ya sanduku. Mgeni huyu haondoki ila asindikizwe na aliyemkaribisha. Na akilala usiku mmoja, huwa mwenyeji. Mtoe sasa hivi!"

"Nimsindikize mpaka wapi?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme, inatosha, rudi. Asiposema, nyumba hii usiikanyage tena."

Frida alimtazama dada yake, ambaye midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Akachukua begi lake. Akanyoosha mkono mbele ya kiti.

"Twende nikusindikize."

Mkono uliomshika ulikuwa wa baridi, na kati ya vidole vyake mlikuwa na mchanga. Rosina alianguka sakafuni akikohoa. Alitaka kumkumbatia mdogo wake. Bi Kibibi alimzuia.

Ndani ya basi la kwenda Rashidiya, upande wa uwanja wa ndege, abiria walisimama wamebanana, lakini hakuna aliyekaa kiti cha pembeni mwa Frida. Uwanja wa ndege simu ikalia.

"Napumua, mdogo wangu," Rosina alisema. "Ameshakwambia urudi?"

"Bado."

Mgeni hakusema neno hilo kwenye ndege usiku kucha, wala kwenye treni. Lublin theluji ilikuwa imefunika barabara, na mkono ule haukuachia mpaka kwenye ngazi za bweni. Hapo ukateleza kutoka kiganjani mwake, ukatoweka. Frida alimshukuru Mungu kwa sauti, ingawa neno alilolingoja hakuwa amelisikia. Alipanda mbio, akatoa ufunguo.

Ukumbini kulinuka mvua.

Ufunguo ulikuwa haujagusa kitasa. Ndani ya chumba chake kilichofungwa kiti kilisogezwa nyuma, kama afanyavyo mwenyeji anayeinuka kupokea mtu, na sauti ya mama yake ikasema kwa uchangamfu:

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Mbona hupigi hodi?"