Filamu Isiyotaka Mwisho

Jamila alianza kujibu kabla ya kuulizwa. Zuberi, mumewe, alidhani ni mazoezi tu, kwani siku zote hizo mkewe alikuwa akiigiza mgonjwa wa jini uani kwao mtaani Kasuku, mchana kweupe, kamera ikimzunguka kama inzi.

Mwenye filamu alikuwa mwongozaji wa michezo ya jukwaani kutoka Kinshasa, zamani Florentin, sasa, tangu serikali ipige marufuku majina ya Kizungu, citoyen Onema, yaani mwananchi Onema, abakosti, koti lile la chama lisilovaliwa tai, imefungwa mpaka kooni. Huko Ubelgiji alisomea michezo isiyoeleweka, na akaringa kwamba haieleweki. Alitaka uganga wa kweli, ila bila mganga. Bi Sharifa, fundi wa kupunga majini, aliachiwa chetezo tu. Onema mwenyewe alishika kipaza sauti cha chama tawala akamwita jini kwa jina. Zuberi alipiga ngoma. Alikuwa ameahidiwa kwamba yeye na mkewe watapelekwa Kinshasa, na wahenga hawakukosea: tamaa mbele, mauti nyuma.

Jina lilipotajwa, Jamila alianguka. Harufu ya udi ikatanda, na chetezo kilikuwa kimezimika.

"Sasa tumuage," Bi Sharifa alinong'ona. "Jini amekuya, lazima apewe ruhusa ya kurudi kwao."

"Hapana, mama. Coupez, kata kamera. Filimu yangu haina mwisho. Mwisho njo mambo ya zamani."

Ngoma ikanyamaza. Tangu hapo nyumba haikuwa nyumba tena: nyayo zenye maji zilitoka mlangoni mpaka kitandani na hazikurudi, vyungu vilifunuliwa na mtu asiyeonekana, na Jamila, aliyekuwa na sauti ya kubembeleza hata watoto wa jirani, akawa anasema kwa sauti ya mzee wa kiume aliyechoka na safari, akimwita mumewe "kijana", akimkataza kumgusa mkono, mpaka Zuberi akawa anakula nje kama mgeni.

Bi Sharifa alifukiza, akasoma, akashindwa.

"Mwenye kuita njo mwenye kuaga," alisema polepole. "Mimi sikumuita. Enda kwa ule bwana, aseme neno moja tu."

Zuberi alimkuta Onema kwenye uwanja wa ndege, amekalia makasha ya filamu. Zuberi, mtu mzima, akapiga magoti mbele za watu.

"Sema tu 'enda kwenu', citoyen. Bibi yangu Jamila anapotea."

Onema akacheka kwa upole, upole wa watu walioshiba. "Mimi siamini majini. Na kama nasema ile neno, kazi yangu yote inakufa."

Akapanda ndege. Baadaye sisi majirani tulisikia kwamba Ulaya walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Laana iwashukie wao na makofi yao.

Zuberi alirudi kwa miguu. Akaingia ndani. Sauti ile nzito ikatoka kinywani mwa Jamila, tulivu kabisa.

"Alikatala, si njo vile?"

Zuberi akaitikia kwa kichwa.

"Basi toa vitu vyako mu kitanda. Kisha unitandikie."

Zuberi akatandika, huku analia.