Trekta la Kopo la Tusekile

Tusekile alikuwa na miaka sita. Kwao ni Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga.

Siku moja alitengeneza trekta la kopo. Ndani aliweka utepe wa mpira, akausokota kwa kijiti. Ukiliachia, linatembea lenyewe.

Nje ya kopo alifunga vizibo vya soda kwa waya. Alitaka magurudumu ya chuma, kama ya trekta la Mjomba Anyisile likilima majaruba ya mpunga.

Jioni watoto walikusanyika uani kwa mashindano ya kuvuta. Kila trekta lilifungiwa sahani ya bati yenye kokoto kumi, liivute hadi kwenye mstari uliochorwa chini. Kila mtoto angejaribu mara tatu.

Trekta la Ambakisye, mtoto wa jirani, likavuta hadi kwenye mstari.

Ikawa zamu ya Tusekile.

Nguru-nguru, nguru-nguru.
Vuta, trekta langu, vuta.

Kwaru, kwaru. Vizibo vikateleza kwenye udongo mkavu. Sahani haikusogea.

Akasokota mpira tena.

Nguru-nguru, nguru-nguru.
Vuta, trekta langu, vuta.

Kwaru, kwaru. Sahani haikusogea.

"Trekta lako linajikuna," akasema Ambakisye. Watoto wakacheka.

Tusekile alibakiwa na mara moja tu. "Nisubirini," akasema kwa sauti ndogo.

Akaenda kwa Mjomba, kando ya jaruba. Mjomba alikuwa anafungua magurudumu ya chuma ili afunge ya mpira.

"Mjomba, mbona unayatoa?"

"Haya ni ya kwenye tope, mama. Pakavu yanateleza. Pakavu panataka mpira."

Tusekile akatazama uani. Hapakuwa na tope hata kidogo.

Akatoa vizibo vyote. Mjomba akamkatia pete mbili za mpira wa baiskeli. Tusekile akalivalisha kopo, moja huku, moja kule.

Akarudi uani. Akafunga sahani, akasokota mpira.

Nguru-nguru, nguru-nguru.
Vuta, trekta langu, vuta.

Sahani ikasogea. Ikasogea tena. Polepole, polepole, ikavuka mstari.

Ambakisye akachuchumaa, akaligusa kopo. "Limepita hata langu. Hizo pete umetoa wapi?"

"Kwa Mjomba. Twende, nikuombee na wewe."

Usiku Tusekile alilala na trekta lake kifuani.

"Mpira bado umesokotwa," Mama akasema. "Likiwa hivyo, halipumziki."

Tusekile akaulegeza mpira. Kopo likajigeuza kidogo, kidogo, likatulia.

Na Tusekile naye akajigeuza ubavu, akalala.