Bia ya Mti wa Uani

Kila asubuhi, akishalisha kondoo, Torleiv Haugen alikunywa kahawa kwenye benchi chini ya mti wa uani. Mti huo ni wa aina iitwayo alm. Matawi yake yamefunika nusu ya ua. Benchi lilitengenezwa na marehemu mkewe, Ingunn. Tangu Ingunn afariki, Torleiv alizungumza na watu wawili tu: binti yake Sigrun, aliyeishi naye, na jirani yao Borghild. Wengine aliwasalimu kwa kichwa.

Katika bonde lao huko Norwe, kila shamba lina mti wake wa uani. Haukatwi. Mkesha wa Krismasi, mwenye shamba huumiminia bia shinani. Baba yake Torleiv alifanya hivyo, na babu yake pia. Watu husema mti huo ukifa, shamba nalo halina maisha.

Mwaka huo halmashauri iliuza kilima kilicho karibu kwa wajenzi wa nyumba mpya. Bomba la maji la nyumba hizo lilitakiwa lipite uani kwa Torleiv. Wakuu walipanga hayo wakiwa mezani. Hakuna aliyekuja kuutazama mti. Wakuu ndivyo walivyo: kalamu zao hazijui matope.

Katapila likafika. Msimamizi wa kazi, kijana aitwaye Jostein, alifunga mbao nene kulizunguka shina.

"Mzee Torleiv, lala usingizi. Gome halitaguswa."

"Hayo ni maneno ya halmashauri?"

"Ni yangu."

"Afadhali."

Jioni Borghild alileta mayai. Yeye alitunza miti ya makaburi ya kanisa miaka mingi. Aliziona zile mbao akacheka.

"Torleiv, mti mmeuvalisha suruali, ndiyo umepona?"

"Shina si limekingwa?"

"Krismasi bia unamwaga wapi?"

"Hapa shinani. Kama baba."

"Basi ukoo wenu mzima mmekuwa mkimnywesha mtu kwa kisigino! Njoo nikuonyeshe mdomo."

Alimpeleka hadi mwisho wa kivuli cha matawi. Akapekua udongo kwa kijembe. Mizizi myembamba kama nywele ikaonekana, juu juu tu.

"Hii ndiyo inayokunywa," alisema. "Tena inakwenda mbali kupita matawi. Na kesho katapila linapita papa hapa. Mizizi ikikatwa, mti unakosa maji. Udongo ukishindiliwa, mizizi inakosa hewa. Kwenye jeraha kuvu huingia, mti ukaoza. Lakini hautakufa kesho. Utakauka polepole, na wakuu watasema ni uzee."

"Kwa Ingunn pia madaktari walisema ni uzee," alisema Torleiv.

Borghild akaelekeza kidole kwenye kuni kando ya ukuta.

"Na hizi?"

"Zina kosa gani? Bonde zima hakuna anayepanga kuni kama mimi."

"Umezipanga vizuri kuliko vitabu vya kanisa. Lakini ni za alm, na zina magome. Chini ya gome la alm iliyokufa ndipo mbawakawa wanapozaliana. Kiangazi hutoka na ugonjwa, wakaupeleka kwenye mti ulio hai. Mti uliodhoofika ndio wanaoupenda."

"Na hilo ni la halmashauri, baba?" Sigrun aliuliza kutoka mlangoni.

Torleiv alianza kubandua magome. Sigrun akayachoma.

Asubuhi Jostein alimkuta mzee amelihamishia benchi mwisho wa kivuli, kwenye njia ya katapila. Alikuwa akinywa kahawa.

"Mzee, sogea bwana. Utanifukuzisha kazi."

"Kahawa bado ya moto."

Borghild akaja, akamwonyesha Jostein ile mizizi. Jostein akachuchumaa, akaigusa. Akapiga simu ofisini.

"Wanasema ramani haibadiliki," alisema.

"Mizizi iko kwenye ramani?" aliuliza Torleiv.

Jostein alijikuna kichwa. "Mashine ya kutoboa chini ya ardhi tunayo kule barabarani. Njia ya bomba itabaki ileile, ila tutalisukuma chini kabisa, mizizi ibaki juu. Ofisini wakilalamika, nitawatumia wewe na benchi lako."

Wakajenga uzio nje ya kivuli cha matawi. Magari, saruji na mafuta vikakaa nje ya uzio. Mashimo ya kuingizia bomba yaliyo karibu na uzio yalichimbwa kwa mkono. Mzizi uliowazuia ulikatwa kwa msumeno mkali, pakawa laini, ukafunikwa gunia bichi hadi shimo lifukiwe. Ndani ya uzio Sigrun alitandaza vipande vya mbao ili udongo usikauke, ila hakuvirundika shinani.

Miaka imepita. Kule kilimani, ambako hakuna aliyeweka uzio, miti iliyoachwa kupamba nyumba mpya imekauka vilele. Halmashauri inasema ni uzee. Alm ya Haugen bado hutoa majani hadi ncha za matawi.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka uleule wa bomba, Torleiv alitoka na jagi la bia. Alilipita shina, akaendelea kwenye theluji.

"Baba, mti umeupita!" Sigrun aliita.

"Nimepita kisigino," alijibu. Alifika lilipo benchi la Ingunn, mwisho wa matawi, akamimina bia yote.