Laini Moja, Nyumba Mbili

Jumapili ile soko la vitu vikuukuu la mji wa Plovdiv lilifurika watu, na Nevena, mjane wa miaka sitini na mitano, alikuwa nyuma ya meza yake amevaa koti la bluu na skafu ya hariri. Aliivaa makusudi: mali ikiwa kuukuu, muuzaji angalau ang'ae. Mezani alipanga kaseti, kamera ya filamu, saa ya kutia ufunguo, na simu nyekundu ya kuzungusha namba kwa kidole.

Alikuwa amegeuka akitaniana na Mincho, muuza santuri wa meza ya pili, aliposikia simu yake ikizungushwa. Krrr. Kila namba ina urefu wake wa sauti: moja ni fupi, tisa ndefu. Mtu alikuwa akipiga namba ya nyumbani kwao, ya ujana wake, kwenye simu isiyounganishwa popote.

"Huipati," alisema bila kugeuka. "Jirani anaongea."

"Jirani yuko baharini," sauti ya kiume ikajibu. "Agosti yote."

Akageuka. Kofia ya sufu, masharubu meupe, viatu vilivyong'arishwa, na macho yale yale ya utundu.

"Lyuben! Kumbe hujafa?"

"Nilijaribu, wakanikataa. Na wewe mbona bado unaua watu kwa urembo huo?"

"Toka hapa, mzee. Kavae miwani."

"Nimeivaa!"

Mincho alicheka hadi akakohoa. Lakini Lyuben hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa ile simu kama aliyekamata ushahidi.

"Nevena, siku ile kwa nini uliuweka mkono wa simu pembeni?"

Siku ile! Lyuben alikuwa amepata kazi mji wa mbali, Burgas. Walipatana atampigia kutoka kibanda cha stesheni, amuulize swali moja: anakuja waondoke wote, au haji? Siku aliichagua kwa akili. Nyumba ya kina Nevena ilishiriki laini moja na Shangazi Stoyna wa ghorofa ya juu. Mmoja akiongea, simu ya mwenzake imekufa. Na kila Agosti Stoyna alikuwa baharini.

"Nilipiga tangu mchana hadi treni inapiga honi," Lyuben alisema. "Tiii-tiii tu. Stoyna hayupo, basi ni wewe. Nikasema, mtoto wa watu hanitaki, nimsumbulie nini?"

Nevena aliketi polepole.

"Baharini kulinyesha, Lyuben. Stoyna alirudi mapema, akampigia dada yake amsimulie mvua yote, tone kwa tone."

"Hukumgongea?"

"Niligonga bomba la joto linalopanda hadi kwake, mpaka upawa wa mama ukapinda! Jengo zima lilikata simu, isipokuwa yeye. Alikuwa na sikio moja zima, na hilo alikuwa amelikabidhi kwa dada yake."

"Si ungekimbilia stesheni?"

"Na ikilia nikiwa ngazini? Simu ilikuwa na kamba kama ya mbuzi, nami ndiye mbuzi. Nimekaa, sanduku mlangoni, viatu miguuni."

"Ulikuwa umeshavaa viatu?"

"Vyekundu. Vya kisigino."

Lyuben alivua kofia, akakalia kreti la Mincho. Yeye alioa mwanamke mwema kule Burgas, akamzika. Nevena aliolewa na Petar, akapendwa vizuri, akazaa, akazika. Sasa alijipekua moyoni akitafuta uchungu, asiuone. Alikuta shukrani tu: kwa Petar, kwa watoto, na kwa kiburi kilichomfanya wiki iliyopita akatae kumpunguzia bei mteja wa ile simu.

"Nashukuru umekuja kuniuliza," alimwambia. "Ningekufa nikidhani hukupiga."

"Na mimi nikidhani hukupokea." Akapapasa kile chuma chekundu. "Bei gani?"

"Haiuzwi."

Lyuben aliitika kwa kichwa kama mtu aliyezoea kukataliwa. Alisema basi lake la Burgas linaondoka karibuni. Akaomba namba yake ya sasa, akaiandika kwenye simu ya mkononi kwa kidole kimoja, akaaga, akamezwa na watu.

"Wewe mama!" Mincho alifoka. "Umemwacha aende tena?"

Nevena alianza kupanga kaseti upya. Ndipo simu ikalia mfukoni mwake.

"Halo, ni kwa kina Nevena?"

"Ndipo."

"Jirani haongei?"

"Sina jirani. Laini ni yangu peke yangu."

"Nimetafuta kibanda cha simu, vimekwisha vyote. Nimesimama kwa muuza banitsa, mikate yake ya jibini inanukia, watu wananipiga vikumbo. Nina swali nimekaa nalo miaka. Unakuja twende wote, mpenzi, au huji?"

Nevena alitazama miguu yake. Raba za soko, zenye tope. Akasimama, akamsukumia Mincho saa na kaseti, akaitia simu nyekundu kwapani, waya wake ukiburuta chini.

"Usikate," alisema, akaanza kutembea.

"Nevena? Mbona kelele? Uko wapi?"

"Njiani. Napita kwenye mazulia. Usikate!"

"Sikati."

"Sasa napita kwenye taa. Nipisheni jamani, naongea na simu!"

"Nakuona," Lyuben alisema. "Una skafu. Nakuona, roho yangu."

Naye Nevena alikuwa amemwona, kashika kofia mkononi. Walisimama ana kwa ana mbele ya muuza banitsa, kila mmoja simu sikioni, na hakuna aliyekata.

"Naja," Nevena alimwambia simuni.