SI Iliyogeuka Ua

Kila Jumamosi asubuhi Hajra huosha brashi za shangazi yake Mwanne, anayeandika mabango mjini Nachingwea. Huziloweka kwenye mafuta ya taa, huzifuta, kisha huzipanga kuanzia nene hadi nyembamba. Jumamosi hiyo alikuwa kwenye brashi ya tatu pikipiki iliposimama mlangoni. Mzee Habibu, mkulima wa korosho wa Chiola, akashuka na bango kwapani.

"Mwanne, hebu nisomee hapa," alisema, hata salamu akaisahau.

"Dawa," shangazi alisoma, kisha akakwama. "U... nywe?"

"Na mama yangu kasoma hivyo hivyo. Tulilitundika kwenye pipa la dawa ya mikorosho. Mama kifua kinambana wiki ya pili sasa. Akaona wanawe wamemjali, akachota kikombe."

Brashi ikamtoka Hajra mkononi.

"Amekunywa?" shangazi aliuliza.

"Harufu ilimzuia. Yuko nyumbani, ananitukana tu."

Shangazi aligeuza bango kwenye mwanga. Kati ya U na NYWE palikuwa na ua jekundu lenye shina. Ukilitazama sana, ua lilikuwa S, na shina lilikuwa I. Siku ya kuandika bango hilo, yeye alikuwa ameitwa Ruangwa kupaka ukuta wa shule. Alimwachia Hajra kazi ya kujaza rangi tu ndani ya mistari ya penseli.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Subiri nikuandikie lingine."

"Andika. Lakini la msimu ujao nitapeleka kwa fundi wa Ruangwa."

Hajra alitazama rula ikichora A kama paa la nyumba, na kifuniko cha kopo kikitoa tumbo la D na kitako cha U. Herufi zilikuwa nene, unene mmoja juu hadi chini, bila mkia wala pambo. Siku zote aliziona kama matofali.

Rangi ilipokauka, Mzee Habibu alivuka barabara na kusoma kutoka ng'ambo: "Dawa. Usinywe." Akarudi, akalifunga bango kwenye pikipiki.

"Babu," Hajra aliita. "Usimhame shangazi. Lile ua nililichora mimi. Nilitaka watu waulize nani kaandika."

Mzee Habibu alikaza fundo la kamba. "Basi jioni uje umwambie mama mwenyewe. Jiandae, ana mdomo." Akamgeukia Mwanne. "Na la msimu ujao nalileta hapa hapa."

Alipoondoka, shangazi alimkalisha Hajra karibu yake.

"Maua na mikia vina kazi zake, kwenye kadi za harusi. Herufi za rula ni za zahanati, za barabarani, za sumu, ili anayesoma kwa shida naye asome. Wakiuliza nani kaandika bango la sumu, mwanangu, ujue hawajalisoma. Na wewe leo umesema wazi, kila mtu kakuelewa. Andika hivyo hivyo."